Shule Iliyosikiliza Bahari

Allidina Visram alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeanzia Bagamoyo, akatandaza maduka yake bara hadi Uganda, akafariki mwaka 1916. Shule ya Mombasa yenye jina lake imefundisha vizazi na vizazi. Lakini kati ya 1942 na 1943 shule hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Wanamaji wa Uingereza waliitwaa, na madarasa yaliyozoea kelele za watoto wakikariri yakatulia kama msikiti saa tatu ya asubuhi. Waliokaa humo walikuwa na visikizi masikioni na penseli mkononi. Walinasa nukta na vistari vya redio vilivyorushwa na Wajapani ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kisha wakakaa na makaratasi hayo mpaka yaseme.

Kwa mpenzi wa riwaya za ujasusi, hapa hakuna kilichopungua. Bandari ipo, vita vipo, jengo lenye walinzi lipo, na wapo wageni ambao ukiwauliza wanafanya nini wanakuambia joto limezidi leo. Rafu yangu ina majasusi wa Cairo, wa Lisbon, wa Berlin, na wa Bletchley Park, ile nyumba ya wafumbuzi wa maandishi ya siri wa Uingereza ambayo sasa imetungiwa hadithi nyingi kuliko makasri ya wafalme wao. Riwaya ya Mombasa sina. Sidhani sababu ni uhaba wa habari. Ninadhani ujasusi uliofanyika pale unadai aina ya riwaya ambayo Waswahili tuliianza vizuri sana, kisha tukaiacha njiani tukakimbilia bastola.

Wasikilizaji hao walifika Mombasa wakiwa wamechoka kuhama. Kituo chao kilianza Hong Kong mwaka 1935. Vita viliponukia, Agosti 1939, kikapelekwa Singapore. Januari 1942 kikahamishiwa Colombo, na haikupita miezi miwili kabla Singapore haijaanguka mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari. Colombo nako hakukukalika. Tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Wajapani ziliushambulia mji huo, na siku hiyohiyo zikazamisha manowari mbili, Cornwall na Dorsetshire. Siku nne baadaye Hermes, meli ya kubebea ndege, ikaenda chini. Admirali James Somerville, aliyekuwa na dhamana ya meli za Uingereza upande huu wa dunia, hakutaka kupoteza zilizobaki. Akazirudisha nyuma hadi Kilindini, na masikio yake yakamfuata.

Kilindini ni mahali pa kilindi, maji ya kina. Aliyepaita hivyo zamani alikuwa akifikiria nanga na majahazi, lakini kwa kituo cha siri ni vigumu kubuni jina bora.

Tatizo ni kwamba kwa kusikiliza, Mombasa ilikuwa mahali pabaya. Umbali kutoka kwa Wajapani ulikuwa mkubwa, mawimbi ya redio yakifika yamechoka, na ujumbe walionasa ulipungua mno kuliko walivyozoea Colombo. Mwandishi wa sinema angelikata jambo hili, maana linapunguza kasi. Mimi ningelifanya ndilo tumbo la riwaya. Fikiria watu waliosafirishwa nusu ya dunia kwa ajili ya kusikia, wakawekwa mahali ambapo hawasikii vizuri, na huko baharini meli zinazama kwa sababu ya yale wanayoyakosa. Kila neno lililofika nusu linageuka deni la mtu.

Na bado, katika hali hiyo ya kusikia kwa taabu, ndipo walipofumbua fumbo kubwa. Meli za biashara za Kijapani, zile zilizobeba mafuta, mchele na askari, zilikuwa na mfumo wao wa maandishi ya siri unaojulikana kwa jina la JN-40. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ni mfumo wa kitabu cha msimbo wenye tarakimu za kujumlishia juu yake, kama ule wa manowari. Haukuwa hivyo, na ndiyo maana haukufunguka: waliushika ufunguo wa mlango mwingine.

Mtu aliyekulia pwani haoni ugumu wa kuelewa JN-40 ilikuwa nini. Watoto wa Kiswahili wana mchezo wa kinyume. Silabi ya mwisho unaileta mbele: "siri" inakuwa "risi", "habari" inakuwa "rihaba", na mtu mzima anayepita karibu anadhani mmepandwa na mashetani. Mchezo huu ni wa kale. Askofu Edward Steere aliukuta Unguja katika karne ya 19 akauandika. JN-40 ilikuwa kinyume cha watu wazima. Kwanza maneno yaligeuzwa kuwa tarakimu mbilimbili kwa kutumia jedwali la jozi 100, kisha tarakimu zikapangwa katika safu, na safu zenyewe zikapanguliwa. Ukimjua aliyezipangua alifuata mpangilio upi, unazirudisha. Usipomjua, una uji wa tarakimu.

Aliyewafungulia mlango ni Mjapani mmoja asiye makini. Septemba 1942 ujumbe mmoja ulitumwa mara mbili, na mara ya pili ukaongezwa maelezo. Kosa hili mwalimu yeyote wa fani hii huwaonya wanafunzi wake siku ya kwanza, maana adui akiziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu anaona kilichohama na kilichobaki. Kilindini walikuwapo raia wawili, John MacInnes na Brian Townend, na karatasi hizo zikawafikia. Ilipofika Novemba walikuwa wanasoma ujumbe wote wa nyuma wa mfumo huo na kila uliofuata ulivyoingia. Katika wiki mbili zilizofuata mifumo mingine miwili ikafunguka. Misafara ya meli za Japani, kutia ndani iliyobeba askari, sasa ilikuwa inafuatiliwa kutoka darasani Mombasa.

Hapa niombe nafasi ya kutoka njiani kidogo. Neno letu "sifuri" tumelipata kwa Waarabu. Waarabu haohao waliwapa Wazungu neno hilohilo, na huko Ulaya, baada ya kuzungushwa karne kadhaa, likaja kuwa jina la maandishi ya siri kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Kwa hiyo Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipoipa riwaya yake ya mwaka 1974 jina la *Siri ya Sifuri*, alikuwa amekutanisha ndugu wawili waliopoteana zamani. Sijui kama alikusudia. Kwa jinsi alivyokuwa na jicho la mafumbo, nisingeshangaa.

Turudi. Kazi iliyofanyika Mombasa na Bletchley ilifichwa baada ya vita kwa ukali uleule wa wakati wa vita. Waliofanya walikuwa wamekula kiapo. Wake hawakujua waume zao walifanya nini, wala waume hawakujua habari za wake zao, na kulikuwa na ndoa ambazo wote wawili walikuwa na siri moja na hawakuambiana. Mwaka 1974 F. W. Winterbotham, aliyekuwa ndani ya mambo hayo, alichapisha kitabu kilichopasua jipu. Ndipo riwaya zikaanza kumiminika.

Baadhi ni nzuri sana. Robert Harris, katika *Enigma* ya mwaka 1995, aliuchukua mwezi mmoja, Machi 1943, Bletchley ilipokuwa imezibwa masikio tena na nyambizi za Wajerumani, akamweka mwanahisabati mgonjwa wa moyo wa mapenzi anayemtafuta mwanamke aliyetoweka. Ukimaliza kitabu unajua mashine ya maandishi ya siri ya Wajerumani ilivyofanya kazi, na hukuhisi kufundishwa. Kate Quinn, katika *The Rose Code* ya mwaka 2021, aliwageukia wanawake, ambao ndio waliokuwa wengi pale, akatafuta msaliti miongoni mwa marafiki.

Nyingine zimenichosha, na ninajua kinachonichosha. Ni sanduku la bibi. Bibi anafariki, mjukuu anapanda darini, anakuta sanduku, ndani mna barua, picha ya mwanajeshi na ufunguo usiojulikana ni wa nini. Sura moja ya zamani, sura moja ya leo, mpaka mwisho. Mara ya kwanza nilipokutana na sanduku hilo nilikesha. Mara ya kumi nilitamani bibi angelichoma kabla hajafa. Watu waliofanya kazi ya siri kweli hawakuacha masanduku. Walichoma.

Ajabu ni kwamba mkopo kati ya riwaya na ujasusi haukwenda upande mmoja. Mwaka 1939 idara ya upelelezi ya jeshi la majini la Uingereza ilitengeneza orodha ya hila za kumdanganya adui, na wengi wanaamini aliyeiandika ni Ian Fleming, aliyekuja kumzaa James Bond. Hila moja ilikuwa kuivalisha maiti sare, kuitia nyaraka za uongo, na kuiacha pwani ili adui aiokote. Orodha yenyewe ilikiri kuwa wazo limetoka katika riwaya ya upelelezi ya Basil Thomson. Miaka minne baadaye wazo hilo likatekelezwa. Tarehe 30 Aprili 1943 nyambizi Seraph ilimshusha majini, karibu na Huelva huko Hispania, "Meja William Martin", afisa ambaye hajapata kuwepo. Barua zake zilionyesha kuwa Waingereza watashambulia Ugiriki. Julai wakashuka Sicily. Mwili ulikuwa wa Glyndwr Michael, maskini wa Wales asiye na makazi, na ilibidi miaka zaidi ya hamsini ipite ndipo jina lake likajulikana. Mwaka 1950 mwanasiasa Duff Cooper aliichapisha hadithi hiyo kama riwaya, wakati serikali ingali inaificha kama siri. Kwa hiyo riwaya ilizaa hila, na hila ikazaa riwaya.

Cairo nako, mwaka 1942, majasusi wawili wa Ujerumani waliingia baada ya kuvushwa jangwani na Mhungari László Almásy, na mfumo wao wa maandishi ya siri ulitegemea nakala ya riwaya ya *Rebecca* ya Daphne du Maurier. Walikamatwa Julai wakiwa hawajatuma jambo la maana. Ken Follett alikitungia kisa hicho riwaya mwaka 1980, na ndani yake jasusi wake ni hodari, katili na mwenye akili. Wa kweli walifahamika zaidi kwa kumaliza fedha katika kumbi za starehe. Katika hili mimi niko upande wa wa kweli. Jasusi mlevi anayejificha ndani ya mashua ya mto Naili, redio yake haijibiwi, ana huzuni ambayo muuaji hodari hana.

Sasa tuje kwetu. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa na mtu anayefikiri. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, na humo akatupa Bwana Msa: mtu wa kiko, maswali na ukaidi wa akili, anayewatazama watu wanavyoamini kuwa mzimu umeua, huku yeye akitafuta nani aliyekuwa na sababu. Wasomi wamesema sana kwamba ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Ni kweli nusu. Holmes anasoma matope ya viatu. Bwana Msa anasoma nasaba. Unguja, ukitaka kujua nani kamuua tajiri, lazima kwanza ujue nani ni mtoto wa nani, na nani anadhaniwa ni mtoto wa nani, na hayo hayapatikani kwa darubini. Yanapatikana kwa kukaa barazani ukasikiliza.

Kisha vikaja vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Dar es Salaam ikawa mji wa majasusi kwelikweli. Elvis Musiba akaleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona*, mwaka 1974. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Niliwasoma kwa zamu, kitabu kikiwa kimepoteza jalada na kurasa kumi za mwisho, nikilazimika kumuuliza aliyekisoma kabla yangu iliishaje. Siwatukani. Gamba na Kiango waliwafanya vijana wa Tanzania na Kenya wasome Kiswahili usiku wa manane kwa tochi, kazi ambayo mtaala wowote hauijui. Lakini pamoja nao kuliingia ndege, hoteli, mwanamke mzuri mwenye sumu, na ngumi. Upelelezi ukawa kukimbia. Ule wa Bwana Msa, wa kukaa na kusikiliza, ukaonekana wa kizee.

Kilindini ya 1942 inamtaka Bwana Msa. Hakuna aliyekimbia pale. Silaha ilikuwa penseli. Na fumbo la Mombasa halikuanza na Wajapani: ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyewarushia maneno watawala na mahasimu ndani ya tungo zilizofumbwa, wenye akili wakaelewa na wengine wakasifu vina. Ni mji ambao mwanamke anaweza kumjibu jirani yake kwa leso aliyoivaa kwenda harusini, bila kufungua mdomo. Mwandishi anayeweza kumweka mfumbuzi wa Kiingereza, anayejivunia hesabu zake, katika mtaa ambao kila siku watu wanasemezana kwa mafumbo mbele ya macho yake na yeye haoni kitu, huyo ana riwaya.

Atahitaji hadhari moja, naye Richard Meinertzhagen ndiye onyo lenyewe. Katika vita vya kwanza huyu bwana aliongoza upelelezi wa Waingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, akiwa Nairobi. Katika shajara alizochapisha uzeeni, alieleza jinsi watu wake walivyookota makaratasi kutoka vyoo vya kambi za Wajerumani. Maafisa, kwa kukosa karatasi za chooni, walitumia barua, ramani na amri za kijeshi, na yeye akazisafisha akazisoma. Kisa kitamu, na kimetembea kitabu hadi kitabu. Kasoro ni msimuliaji. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa Meinertzhagen alikuwa mwongo wa kiwango cha juu. Alighushi hata makusanyo ya ndege waliokaushwa ambayo yalimpa heshima ya kisayansi, akiiba vielelezo vya watu wengine na kuvibandika tarehe na mahali pa uongo, na kurasa za shajara zake zinatiliwa shaka. Hila yake mashuhuri ya Palestina ya mwaka 1917, ya kudondosha mkoba wenye nyaraka za uongo, nayo sifa aliyojipa humo imepingwa sana. Mwanahistoria akimnukuu anajiponza. Kwa mtunzi wa riwaya, Meinertzhagen mwenyewe ndiye mhusika: jasusi ambaye vita vilimfundisha kutunga ushahidi, na hakuweza tena kuacha.

Njia nyingine alituonyesha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. *Afterlives*, ya mwaka 2020, haiuzwi kama riwaya ya upelelezi, ila ukiisoma kwa jicho hilo utaona mifupa yake. Ilyas anajiunga na askari wa Wajerumani, anakwenda vitani, harudi. Dada yake Afiya anaishi na swali. Inambidi mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba huyo, akatafute jibu Ujerumani miaka mingi baadaye, katika nyaraka. Hakuna sanduku la bibi. Kuna karani, faili, na picha. Anachokikuta sitakitoboa, ila msomaji akitaka kujua ukweli unaofanana na kisa hicho na asome habari za Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika vita vya kwanza, mwaka 1929 akaenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alibaki, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika sinema za Wajerumani zilizowatukuza wakoloni haohao. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kuna maofisa wa Kijerumani waliojifunza Kiswahili kwa mtu huyu, nchi yao ikamla.

Sasa nifike kwenye meli, maana tangu mwanzo nilikuwa naielekea.

Tarehe 30 Oktoba 1942, kaskazini mwa Misri, manowari ya Kiingereza Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Wajerumani wakaiacha ikizama taratibu. Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea mpaka kwake usiku, wakashuka ndani, wakaanza kupitisha vitabu vya msimbo juu. Aliyevipokea ni Tommy Brown, mhudumu wa kantini mwenye miaka 16 aliyedanganya umri ili apelekwe baharini. Ghafla nyambizi ikaenda chini na wanaume wawili wakiwa ndani. Vitabu vilivyookolewa ndivyo vilivyoisaidia Bletchley kuufungua tena, mwezi wa Desemba, mfumo wa nyambizi za Ujerumani uliokuwa umewashinda karibu mwaka mzima. Riwaya na sinema zimekula sana katika sahani hii.

Petard hiyohiyo, Februari 1944, ilikuwa Bahari ya Hindi, ikisindikiza msafara uliotoka Kilindini tarehe 5 kwenda Colombo. Katika msafara huo ilikuwamo Khedive Ismail, imebeba watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu waliokuwa safarini kuelekea vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wa jeshi la majini. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Meli ilizama katika muda wa dakika mbili au chini yake. Waliobahatika kuruka wakawa wanaelea, wameshikilia mbao.

Nyambizi ilijificha chini yao. Petard na mwenzake Paladin walijua ikiachwa itazamisha meli nyingine, zenye maelfu ya watu. Wakaangusha mabomu ya kina mahali palepale walipokuwa wakielea watu. I-27 ikaibuka, wakapigana nayo, na topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza. Waliokufa kutoka Khedive Ismail ni 1,297. Waliookolewa ni 214. Miaka saba baadaye Nicholas Monsarrat, katika riwaya ya *The Cruel Sea*, alimweka nahodha mbele ya uamuzi wa namna hiyohiyo, na wasomaji wa Ulaya wakalia. Msiba wetu una ukumbusho katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, na magari yanaupita kila siku yakiwa kwenye foleni.

Sisemi kulikuwa na jasusi Kilindini aliyewauza. Nyambizi zilikuwa zikiwinda njia ile, na meli kubwa ikiondoka bandarini haihitaji msaliti ili ionekane. Lakini mtunzi ana haki ya kuuliza anachouliza kila mama aliyeletewa habari: nani alijua? Kufikia wakati huo wasikilizaji walikuwa wamesharejea Colombo tangu mwaka uliopita. Madarasa yalikuwa yamenyamaza tena, kwa namna nyingine.

Ningekuwa na ubavu wa kuiandika ningeanzia nyuma kidogo, mwishoni mwa 1942, na mtu ambaye hayumo katika kitabu chochote nilichosoma kuhusu kituo kile, ingawa haiwezekani hakuwepo: mtu wa karatasi. Namtunga mimi. Ni mfagizi wa shule aliyekutwa na jeshi na kubakizwa, asiyejua Kiingereza kwa kadiri wanavyojua wao. Kila jioni anakabidhiwa gunia la makaratasi, anayachoma nyuma ya jengo mbele ya baharia mmoja, anavuruga majivu kwa fimbo. Mpwa wake mmoja ameandikishwa katika mizinga. Vita vimefanya kila kitu kuwa adimu, karatasi kuliko vyote, na ana mtoto anayejifunza hesabu. Jioni moja baharia anageuka kuwasha sigara, upepo wa kaskazi unanyanyua ukurasa mmoja, ameuona upande wa nyuma ni mweupe kabisa, na anaukanyaga.

Usiku, kando ya taa ya chemni, mtoto anamaliza hesabu zake upande ule mweupe. Anaigeuza karatasi, anakuta imejaa tarakimu tanotano, mstari juu ya mstari, bila alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Anamuuliza baba yake hizi ni hesabu za darasa la ngapi.